Kabla hujasuka, jifunze kufumua

Msichana anayekuja kwangu kujifunza ususi anafika na simu iliyojaa picha. Huu msuko nautaka, na huu, na huu wa yule dada wa kwenye muziki. Namsikiliza mpaka mwisho, kisha namvutia kigoda, nampa kitana cha mkia na kumwelekeza kwa mteja aliyesuka mwezi uliopita. Fumua. Kesho yake fumua, na mwezi wote ule fumua. Wengine hununa. Wawili walinihama kabisa, wakaenda saluni ambako mtu anashikishwa rasta siku ya pili. Siwasemi vibaya, njaa inajulikana. Ila mimi nina miaka 17 nasuka hapa Mbagala, na mengi ninayoyajua kuhusu nywele zetu niliyaona nikiwa nafumua. Ukifumua unajua msusi aliyetangulia alivuta wapi, mteja alikuwa anapaka nini, na amekaa na msuko muda gani hata akikudanganya.

Tuanze na mkasi, maana hapo ndipo wanafunzi hulia. Rasta ndefu unaikata kwanza, la sivyo utafumua mpaka adhana ya magharibi. Lakini nywele ya mteja inaishia wapi? Usikisie. Muulize, halafu shika rasta moja, iteremshe katikati ya vidole kuanzia kwenye ngozi. Palipo na nywele yake utasikia unene na mkwaruzo kidogo. Ikiisha, rasta inakuwa nyembamba na inateleza. Shuka tena upana wa vidole vinne ndipo ukate. Pima mbele, pima utosini, pima kisogoni, kwa sababu urefu haulingani. Mwanafunzi wangu mmoja alipima mbele tu, akakata kichwa kizima kwa mstari mmoja. Yule mama hakupiga kelele. Aliokota kipande sakafuni, akakifumua mwenyewe taratibu, akatoa kishungi cheusi laini, akauliza, “Hiki si changu?” Sikuchukua hela yake siku ile, na nilikaa wiki mbili nikiona aibu kupita mbele ya genge lake.

Halafu kuna lile bonge la nywele. Ukimaliza kufumua na kuchana, mkononi unabaki na rundo la nywele la kutisha, na mteja mgeni anaruka: “Dada, umeninyonyoa!” Jibu lake ni hesabu. Kichwa cha mtu mzima kwa kawaida hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Aliyesuka wiki 6 amekaa siku 42, na zilizodondoka hazikuwa na pa kwenda, zimenaswa humo humo ndani ya msuko. Ni 2,100 kwa uchache, na zinaweza kufika 4,200. Mwonyeshe. Toa unywele mmoja mrefu, uweke kwenye kiganja chake: mwishoni una kijidoa cheupe, huo umetoka wenyewe kwa wakati wake. Vikiwa vipande vifupi visivyo na kijidoa, hapo nywele zinakatika, na wewe una kazi ya kutafuta sababu kabla hujamsuka tena.

Na yule anayesema nywele zake hazioti kabisa? Fumua rasta moja mbele ya kioo ukiwa umesimamisha kidole pale lilipo fundo la juu, rasta inapoanzia. Siku aliyosuka fundo lilikaa kwenye ngozi. Sasa limeshuka, na kati yake na ngozi kuna nywele mpya. Kwa nywele zetu ni kama sentimita 1 kwa mwezi, pungufu au zaidi kidogo. Zinaota, mama, ila zinakatikia mwishoni kwa kasi ile ile, ndiyo maana huoni urefu. Baada ya kuliona hilo kwa macho yake, mteja huacha kutafuta kitunguu cha kupaka kichwani na kuanza kuuliza maswali ya maana: nachanaje, nalalaje.

Ukumbuke pia kwamba wengi wa wateja wako, na pengine wewe mwenyewe, walinyolewa tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Mtu ana miaka 19 ndiyo kwanza anazishika nywele zake. Usimcheke akikuambia nywele zake ni “ngumu”. Unywele wa kipilipili ukiukata na kuutazama kwa kikuza, ni bapa kama utepe na umejisokota, na kila ulipopinda pana udhaifu. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi hayawezi kushuka kona zote hizo kufika kwenye ncha, ndiyo maana ncha ni kavu hata kama utosi unang'aa. Mafuta tunayopaka hayaleti maji, yanazuia yaliyopo yasitoroke. Kwa hiyo maji kwanza, mafuta baadaye. Mimi hupenda ya nazi kwa sababu yanaingia ndani ya unywele wenyewe. Ya mnyonyo ni mazito, yanabaki juu, nayatumia kwenye ncha tu.

Sasa angalia pale chini ya fundo. Utakuta kijipete cha uchafu, kijivu au cheupe: vumbi, mafuta, na ngozi iliyobanduka, vimeshikana na nywele zilizodondoka. Wengi hukimbilia kuosha. Usithubutu. Ukimwaga maji juu ya kile kipete kinasukumana kuwa kama sufi, na utamaliza jioni ukikata kwa mkasi. Nyunyiza maji yenye kondishena kidogo, kivunje kwa vidole, tenganisha nywele ndogo ndogo, kisha chana kwa chanuo lenye meno mapana, ukianza kwenye ncha na kupanda taratibu kuelekea kwenye ngozi. Ukisikia mlio wa “kra-kra” simama. Bana kila fungu unalomaliza. Hapo ndipo uende kwenye beseni.

Kuosha sitakaa sana. Shampuu ni ya ngozi, povu linaloteremka linatosha kwa nywele. Tumia nyama za vidole, kucha ziache. Usizirundike nywele utosini kama unafua soksi. Jambo ambalo hutafundishwa chuoni ni maji yenyewe: visima vingi vya Dar vina chumvi, shampuu haitoi povu vizuri, na nywele zikikauka zinakuwa kama makumbi. Tunaweka ndoo moja ya maji ya bomba, au ya mvua msimu ukifika, kwa suuza ya mwisho tu. Ndoo hiyo ina mfuniko na jina langu.

Halafu usisuke nywele zenye maji. Kipilipili kikilowa kinavutika, kikikauka kinarudi. Ukikibana kikiwa kimevutika, kitajivuta chenyewe usiku mteja akiwa amelala, na asubuhi atakuamsha kwa simu. Kausha kwa fulana kuukuu ya pamba, zisuke uzi zinyooke polepole, au tumia draya kwa moto wa wastani. Umeme ukikatika katikati, uzi upo. Bibi zetu walinyoosha nywele hivyo bila kuchoma hata unywele mmoja.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Mwaka wangu wa pili kazini nililetewa mtoto wa miaka tisa, anakwenda Komunyo ya Kwanza Jumapili. Mama alitaka zivutwe juu zikae kama taji, tena zidumu. Mimi nilikuwa najisifu kwamba mkono wangu ni mgumu, msuko wangu haulegei. Nilivuta. Mtoto alilia, tukambembeleza kwa biskuti, akameza kidonge cha maumivu, akalala kwenye kiti. Alipendeza sana, picha ninayo. Siku ya tano alirudi na vipele vyenye usaha kuanzia sikio hadi sikio, mstari ule ule wa nilipoanzia. Nilipofumua, nywele za mbele zilitoka na mzizi, zikabaki kwenye vidole vyangu.

Zake ziliota tena, kwa sababu tulifumua mapema na mama akaacha kumsuka miezi kadhaa. Lakini mtu akivutwa pale pale mwaka hadi mwaka, kovu linajenga ndani, na mashina yale hayaoti tena hata upake nini. Nenda kasimame kituo cha daladala utazame mapaji ya kina mama wa miaka 40. Sisi wasusi tumechangia.

Kwa hiyo ukianza kusuka kwangu, malaika wa mbele, zile nywele laini fupi za ukingoni mwa uso, hawaguswi, wanabaki nje. Mstari wa kwanza unaanza nyuma yao, na rasta inaongezwa kidogo kidogo, haianzi na fundo nene. Ukimaliza kila mstari, mwambie mteja ainue nyusi, akunje uso, atabasamu. Ngozi ikikataa kukunjika, fumua mstari huo hapo hapo. Ukiona vijivimbe vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, fumua. Mteja anaweza kukuambia, “Acha tu, nimezoea.” Fumua. Ukisikia neno “nimezoea” ujue tayari ameshaumizwa na mwenzako. Na hata ukisuka vizuri, wiki 8 zisipite.

Mapunye: ukiona kiraka cha duara chenye magamba na nywele zilizokatikia kwenye ngozi, hasa kwa mtoto, husuki. Mvute mama pembeni, ongea kwa sauti ya chini, mwambie mtoto aende zahanati, maana mapunye ya kichwani hutaka dawa ya kumeza, ya kupaka peke yake haitoshi. Chanuo lililomgusa lioshe kwa sabuni na uliloweke kwenye maji yenye jiki kabla halijagusa mwingine.

La mwisho ni lile bonge la nywele nililolitaja huko juu. Usilifagie. Muulize mteja, “Nikufungie au nitupe?” Wapo wanaotaka kuondoka nazo, wakazichome au wazifukie wenyewe, wana sababu zao na wewe hazikuhusu. Funga kwenye gazeti, mkabidhi mkononi, usitabasamu.