Uliza Kikapu: "Kaka yangu bado ananitumia picha ya kombe"

Salaam kaka. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Naipenda Indiana Pacers, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, tangu nikiwa msichana wa shule ya msingi, siku mjomba wangu aliporudi safarini na kanda ya video. Ndani yake Reggie Miller wetu anafunga pointi 8 kwa sekunde zisizotimia 9 pale New York, mwaka 1995. Kanda ile tuliitazama mpaka ikakwaruzika. Timu yangu haijawahi kuchukua ubingwa wa NBA. Mwaka 2000 ilifika fainali ikafungwa na Lakers, nami nikangoja miaka 25.

Kaka yangu ni shabiki wa Oklahoma City Thunder tangu Hasheem Thabeet alipokuwa huko. Usiku wa kuamkia 23 Juni 2025, saa tisa, tulikaa sebuleni kwake tukatazama mechi ya saba, ya mwisho, ya fainali kati ya timu zetu. Tyrese Haliburton wetu alikuwa ameshatia mitupo mitatu ya pointi tatu. Kisha, bado robo ya kwanza, akaanguka bila kuguswa na mtu, akawa anaupiga uwanja kwa kiganja. Nikajua imekwisha. Lakini mapumziko tulikuwa mbele 48-47, moyo ukarudi. Robo ya tatu ikatumaliza. Tukafungwa 103-91.

Nililia mbele ya watoto wa kaka. Wifi akaniuliza, "Hao watu wanakujua?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo sijatazama mechi hata moja ya kikapu, na kaka bado ananitumia picha ya kombe kila mwisho wa mwezi. Je, niachane na mchezo huu kabisa?

*Mwalimu, Morogoro*

Pole sana, dada. Pole hii naitoa kwa moyo wote, kwa sababu sebule ya namna hiyo naijua, na ile hali ya kutoka nje asubuhi ukakuta watu wanapanda daladala kama hakuna kilichotokea naijua pia.

Nianze na swali la wifi yako. Hawakujui, ni kweli. Lakini wewe unawajua. Ulijua kwamba Haliburton aliumia msuli wa kigimbi katika mechi ya tano na bado alitaka kucheza. Ulijua maana ya mguu wake wa kulia kukatika kano ya kisigino hata kabla madaktari hawajasema. Mtu aliyefuatilia timu miaka 25 akalia usiku inapokosa kombe kwa mechi moja hana tatizo lolote. Mbona watu hulia Simba au Yanga ikifungwa, na hakuna anayewauliza kama golikipa anawajua?

Sasa nikueleze yangu, kwa sababu jibu langu limetoka humo.

Mimi ni mtu wa San Antonio Spurs tangu ubingwa wao wa kwanza, 1999. Alfajiri ya Jumatano, 19 Juni 2013, nilikuwa peke yangu sebuleni, Magomeni, sauti ya televisheni nimeishusha ili wanangu wasiamke. Mechi ya sita ya fainali ilianza saa kumi, kule Miami. Tulikuwa tunaongoza 3-2, kwa hiyo ushindi mmoja tu ulitosha. Tim Duncan wetu, mzee wa miaka 37, alifunga pointi 25 kabla ya mapumziko. Adhana ya alfajiri ikalia tukiwa mbele 50-44. Niliswali, nikarudi kwenye kochi. Robo ya tatu ikaisha 75-65.

Zikabaki sekunde 28.2, sisi 94, Miami Heat 89. Wahudumu wa uwanja wakaanza kuleta kamba ya njano ya kuzuia watu wasiingie uwanjani wakati wa kukabidhi kombe. Baadhi ya mashabiki wa Miami walikuwa wameshasimama wanaondoka. Nikachukua simu nikamwandikia shemeji yangu, Tanga: "Tumechukua." Nikatuma.

LeBron James wa Miami akatupa, akakosa, mpira ukawarudia wao, akatupa tena, akatia pointi tatu. 94-92. Kawhi Leonard wetu akaenda kwenye mitupo huru miwili (ile ya adhabu, isiyozuiwa na mtu), akakosa wa kwanza, akatia wa pili. 95-92. LeBron akatupa tena akakosa. Chris Bosh akaudaka mpira juu ya watu wote, akampa Ray Allen, naye akarudi kinyumenyume mpaka kona ya kulia na kuruka. Zilibaki sekunde 5.2. 95-95. Dakika tano za nyongeza tukazipoteza, 103-100. Ilikuwa inakaribia saa moja asubuhi, wanangu wanaoga wajiandae na shule, na ule ujumbe ulikuwa umeshasomwa. Siku mbili baadaye tukapoteza na mechi ya saba, 95-88.

Kuanzia hapo nilifanya ulichofanya wewe. Sikutazama marudio, na mtu akilitaja jina la Allen nilibadilisha mazungumzo. Kichwani nikabaki na picha moja tu: yule kijana Leonard, miaka 21, akikosa mtupo huru. Kwa miezi kumi nilimbebesha yeye ubingwa mzima. Naliona hili kama dhuluma niliyomfanyia mtu, hata kama hakuwahi kuijua.

Aprili 2014 nikajilazimisha kuitazama mechi yote, mwanzo mpaka mwisho, mchana, na chai mkononi. Nikakuta mambo ambayo nilikuwa nimeyafuta. Kwanza, kabla ya Leonard, Manu Ginobili naye alikosa mtupo huru mmoja kati ya miwili, mkongwe mwenye mataji yake. Pili, tulipokonywa ribaundi (mpira unaodakwa baada ya mtupo kukosa) mbili mfululizo, na kila moja ikazaa pointi tatu. Tatu, yule Leonard niliyemlaumu alimaliza mechi na pointi 22 na ribaundi 11. Bila yeye tusingefika hata kwenye hizo sekunde 28.

Lakini kilichoniumiza, na hapo hapo kikaniponya, ni Tony Parker. Ikiwa imebaki dakika moja na nusu hivi, tuko nyuma kwa pointi tatu, alimrukia LeBron usoni akatia tatu, 89-89. Kidogo tu baadaye akaiba mpira, akazunguka ndani, akafunga, 91-89. Ni mambo mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona kwa timu yangu katika sekunde zile, na nilikuwa nimeyasahau kabisa, dada. Yalikuwa yamefukiwa chini ya mtupo wa Allen. Nilipokataa kuitazama mechi ile, nilidhani naukwepa uchungu. Kumbe nilikuwa nimemtupa na Parker.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usiache. Tena nakuomba uitazame ile mechi ya saba yote, usiishie kwenye dakika aliyoanguka Haliburton. Katika robo ya tatu utamkuta T.J. McConnell, mtu mfupi kuliko karibu wote uwanjani, akifunga pointi 12 peke yake huku jahazi linazama. Utamkuta Bennedict Mathurin akitoka benchi na kumaliza na pointi 24 na ribaundi 13. Hao walicheza karibu mechi yote bila nyota wao na hawakukaa chini. Ulikuwa pale, ulishuhudia, na ninavyoisoma barua yako hujawataja hata kidogo.

Kisha tazama mechi ya kwanza ya fainali ile ile, 111-110. Timu yako haikuongoza hata mara moja mpaka Haliburton alipotia mtupo wake ikiwa imebaki sekunde 0.3. Itazame ukiwa na kaka yako. Hiyo ni yako, na hakuna picha ya kombe inayoweza kuifuta.

Kuhusu kaka. Mwambie kwa mdomo, ana kwa ana, kwamba picha zile zinakuumiza. Usimwandikie ujumbe, kwa sababu kwenye simu atadhani ni utani unaendelea. Naamini ataelewa. Mapenzi yake kwa Thunder yalianza kwa kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, ambaye kule Oklahoma City alikuwa akipewa dakika chache tu. Kaka yako alikuwa anakesha kusubiri dakika hizo chache. Mtu wa namna hiyo anajua kupenda timu ni nini.

Jambo moja la mwisho, kwa sababu nalipenda. Usiku ule wa 2013, baada ya mechi ya sita, kocha Gregg Popovich hakuwaacha wachezaji waende vyumbani kila mtu na huzuni yake. Kulikuwa na mgahawa uliokwisha kuwekwa kwa chakula cha usiku. Akasema wote waende, na familia zao. Yeye akatangulia, akahakikisha meza zimekaa karibu karibu, akawapokea mlangoni mmoja mmoja. Na msimu mpya ulipoanza, wachezaji walikalishwa chini wakatazama ile fainali waliyopoteza. Juni 2014 walikutana tena na Miami, wakashinda mechi 4 kwa 1. Mchezaji bora wa fainali alikuwa Kawhi Leonard.

Kocha, hivi kwa nini Popovich alimtoa Duncan katika zile sekunde za mwisho za mechi ya sita ya 2013? Tumefungwa kwa ribaundi, na mtu wetu wa ribaundi yuko benchi! Miaka yote hii bado sielewi.

*Mtu wa Spurs, Kigamboni*

Ndugu yangu, uchungu wako ni wangu. Duncan alikuwa na ribaundi 17 usiku ule. Lakini Miami walihitaji pointi tatu, na walikuwa wamejaza watupaji uwanjani. Popovich alitaka watu wepesi wanaoweza kubadilishana walinzi kwenye mstari wa pointi tatu bila kuacha mwanya, ndiyo maana akamwingiza Boris Diaw. Na mpango wenyewe ulifanya kazi mara mbili: mtupo wa kwanza wa LeBron ulikosa katika kila shambulizi. Kilichoshindikana ni kuudaka mpira baada ya hapo. Mimi ningemwacha Duncan, nakiri, lakini nasema hivyo baada ya kuona Bosh ameruka. Kocha alipaswa kuamua kabla.

Na tumpe Allen haki yake. Tangu akiwa Milwaukee alikuwa na zoezi lake: analala chini karibu na kikapu, anainuka ghafla, anarudi kinyumenyume mpaka kona, anapokea pasi na kutupa, bila kuangalia mstari uko wapi. Aliufanyia kazi mtupo ule miaka mingi kabla hatujakutana nao.

Shikamoo mjomba. Niko kidato cha tatu, Tanga. Fainali ya shule tulikuwa nyuma kwa pointi moja, muda umeisha, nikapewa mitupo huru miwili. Nilikosa yote. Sasa sitaki kwenda mazoezini. Nahodha hajanisemesha wiki nzima.

*Namba 11*

Marahaba mwanangu. Nitakuambia kweli kama kwa mtu mkubwa. Mwaka 1995, mechi ya kwanza ya fainali za NBA, Nick Anderson wa Orlando Magic alikosa mitupo huru minne mfululizo timu yake ikiongoza kwa pointi 3 na zimebaki sekunde kama kumi. Houston wakasawazisha, wakashinda katika muda wa nyongeza, 120-118. Anderson alikuwa mchezaji mzuri sana, lakini mitupo huru ilimsumbua baadaye. Msimu wa 1996-97 alitia chini ya nusu ya aliyopewa. Sikuelezi haya nikutie hofu. Nakueleza kwa sababu unachotaka kufanya sasa, kujificha na kunyamaza nacho, ndicho kinachokigeuza kuwa ugonjwa. Leonard alikosa mmoja usiku ule mbaya wa 2013, akarudi mazoezini, na umeona hapo juu mwaka uliofuata alikuwa nani.

Rudi Jumatatu. Usisubiri nahodha akuite, mfuate wewe. Usijitetee kwa habari ya kelele za mashabiki wala jasho la mikono. Mwambie, "Nilikosa, naumia kama wewe, naomba unisimamie nikifanya mitupo huru." Nahodha wa miaka 17 naye amepoteza fainali. Huenda kunyamaza kwake ni kwa sababu hajui aanzie wapi.

Kisha fanya hivi. Mwisho wa mazoezi, ukiwa huna pumzi, kimbia uwanja mzima mara mbili, nenda kwenye mstari, tupa miwili tu. Kimbia tena, miwili tena. Mara kumi. Kutupa hamsini ukiwa umepumzika kunakusaidia kidogo sana, kwa sababu kwenye mechi hakuna atakayekupa hamsini wala kukuacha upumzike. Piga mpira chini idadi ile ile kila mara, vuta pumzi, tazama ukingo wa mbele wa kikapu, na umalize mkono wako juu mpaka mpira ufike.

Andika kwenye daftari kila siku umetia mingapi kati ya 20. Baada ya mwezi nitumie hizo namba, hata zile za siku mbaya.