Maswali ya Wasomaji: Dadu, Gololi na Hesabu za Uwezekano

Walimu, habari za kazi. Mwanangu wa miaka 9 ameshikilia kwamba sita ni "ngumu" kutoka kwenye dadu. Nimemweleza kuwa pande zote ziko sawa, haelewi. Ana tatizo la hesabu? (Mzazi)

Hana. Michezo mingi ya dadu humtaka mchezaji apate sita ndipo aanze, kwa hiyo sita ndiyo inayosubiriwa kwa hamu. Tatu ikikawia kutoka, nani anajali? Tena mtoto halinganishi sita na mbili. Analinganisha sita na zile tano nyingine zikiwa pamoja, na kwa hesabu hiyo yuko sahihi, sita ni adimu. Maelezo hayatamgeuza. Badilisheni mchezo: anayeanza ni aliyepata mbili. Baada ya siku chache mbili nayo itakuwa "ngumu", na hapo ndipo pa kumuuliza kulikoni.

Kisha apewe kalamu. Aandike kwanza utabiri wake, halafu arushe mara 60, akichora kijiti kwa kila tokeo. Msimwahidi 10 kwa kila upande. Upande mmoja kutoka mara 6 na mwingine mara 15 ni jambo la kawaida kabisa, na wazazi wengi huharibu somo hapa kwa kusema "unaona, zinakaribiana", ilhali mtoto anaona kwa macho yake kwamba hazikaribiani. Gawaneni kazi mfike mara 600. Sasa pande nyingi zitaangukia kati ya 85 na 115. Tuseme ya chini ni 86 na ya juu ni 113: pengo limekua kutoka 9 hadi 27, lakini ukiligawa kwa jumla ya mirusho limeshuka kutoka asilimia 15 hadi 4.5. Kinachotulia ni sehemu ya jumla, si idadi yenyewe. Hata watu wazima hulichanganya hili.

Nafundisha watoto wa miaka 12. Niliuliza: dadu mbili zikirushwa, jumla ipi ina nafasi kubwa zaidi? Wengi wakajibu kuwa zote kuanzia 2 hadi 12 ni sawa "kwa sababu ni bahati tu". Nianzie wapi? (Mwalimu)

Mwalimu mwenzetu, wanafunzi wako wana mwenza mkubwa. Mwaka 1754 mwanahisabati Mfaransa d'Alembert aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili, nafasi ya kupata kichwa walau mara moja ni 2/3. Alihesabu matokeo matatu palipo na manne. Jibu ni 3/4.

Usianze na jedwali. Chora ubaoni njia 11, kuanzia 2 hadi 12, kila moja na visanduku 10. Kila mtoto achague njia na aandike sababu kabla dadu haijaguswa. Asipoandika, baadaye atadai alijua tangu mwanzo. Jumla ikitoka, njia yake inasogea kisanduku kimoja. Wengine huongeza njia ya 1 kama mtego, na si vibaya. Kosa la kawaida ni njia fupi: kwa visanduku vitatu tu, 4 au 10 inaweza kushinda, na darasa huondoka likiamini 4 ina bahati. Hata kwa visanduku 10, 7 haishindi kila mara, kwa hiyo endesha makundi manne au matano kwa wakati mmoja na mjumlishe vijiti vyote ubaoni.

Umbo la mlima likishaonekana, ndipo waulize limetoka wapi. Hapa rangi ni lazima: dadu moja nyekundu, nyingine nyeupe. Dadu zikifanana, mtoto huona 1 na 2 ni kitu kilekile na 2 na 1, akahesabu njia moja ya kupata 3 badala ya mbili. Sasa mchore jedwali la 6 kwa 6. Visanduku 36, 7 iko katika sita, 2 na 12 kimoja kimoja. Jihadhari na kosa la upande wa pili: wakishaelewa kubadilisha mpangilio, baadhi huhesabu 3 na 3 mara mbili. Mwambie akuoneshe kisanduku hicho cha pili kwenye jedwali. Atakitafuta, hatakipata.

Je, miaka 7 si mapema mno kwa somo hili?

Wanasaikolojia Piaget na Inhelder, katika utafiti wao wa mwaka 1951, waliuweka ufahamu kamili wa uwezekano kwenye umri wa miaka 11 au 12 hivi, mtoto anapomudu uwiano. Baadaye mtafiti Fischbein alisisitiza kuwa hisia za uwezekano huanza mapema zaidi na zinafundishika. Sisi tuko upande wake, ila bila sehemu wala asilimia. Weka mfuko wenye gololi nyekundu 3 na nyeupe 1, na mwingine wenye nyekundu 6 na nyeupe 4. Mwulize achomoe kutoka mfuko upi ili apate nyekundu. Wengi huchagua wa pili, kwa kuwa una nyekundu nyingi. Usimsahihishe. Ongeza mfuko wa kwanza maradufu, mbele yake: nyekundu 6, nyeupe 2. Sasa nyekundu zimelingana, na macho yanahamia kwenye nyeupe.

Mwanangu anajua kukokotoa wastani, lakini aliposikia "watoto 2.4 kwa kaya" alicheka.

Amejifunza hatua bila maana. Panga matofali ya kuchezea katika marundo ya 2, 3, 3, 4 na 8, ayasawazishe bila kuhesabu. Atapata 4 kila rundo, ingawa awali ni rundo moja tu lililokuwa na 4. Kisha badala ya rundo la 8 weka la 18: wastani unaruka hadi 6, juu ya marundo mengine yote manne, na namba ya kati inabaki 3.