Kupika nilifundishwa mara moja, sokoni bado naenda naye

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: je, mgeni anayeishi nchi isiyo yake anaweza kujifunza mapishi ya asili ya wenyeji kupitia rafiki mmoja tu? Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, kazi imenileta Kigoma, nakaa Ujiji. Nilijibu palepale, peke yangu sebuleni: ndiyo, kwa nini asiweze? Kisha nikawaza majibu yatakayowajia, yote ya vijiko na dakika, nikaudhika kabla hata hayajaandikwa.

Maana kupika ndiyo sehemu rahisi. Dagaa wa Kigoma kwa mawese jirani yangu alinionyesha jioni moja, tena huku akisuka mtoto nywele. Unawaosha kwa maji ya moto, unawachuja. Kitunguu kinaingia kwenye mawese mapema, kabla mafuta hayajatoa moshi, ule wekundu usije ukakimbia. Wanafuata dagaa, nyanya, nyanya chungu mbili tatu, pilipili, chumvi. Pembeni ugali wa muhogo. Aliyekulia kwenye mbuzi ya nazi na kukamua tui hashindwi na hilo. Kama mlichouliza ni hicho, jibu mnalo.

Kazi iko kwenye kununua. Siku moja ya Shaabani, nusu ya mwezi imepita jana yake tu, tulipanda bajaji na huyo jirani mpaka mwaloni Kibirizi. Kijana mmoja akatuita: "Mama, chukueni hawa, wametoka ziwani jana usiku, jua la leo limewamaliza." Jirani akatia mmoja mdomoni, akamtafuna polepole kwa meno ya mbele, macho pembeni kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo redioni. Alikuwa anasikiliza mchanga. Dagaa aliyeanikwa chini hukwaruza. Wa kwenye kichanja hunyamaza. Akamkunja wa pili, akakatika pap. Akanusa kiganja. Wanang'aa kama fedha, hawajanyeshewa. Mimi nikaanza kufungua pochi.

Akamwuliza kijana: "Mwanangu, nusu Shaabani ulifunga?"

"Nilifunga, mama."

"Basi jana usiku mwezi ulikuwaje?"

Kijana akacheka, akashika kichwa. Mimi sikuelewa. Kwetu pwani katikati ya mwezi ni bamvua, maji yanajaa na kutoka kwa nguvu, tumeishia hapo. Nikaelezwa hapohapo, mbele ya wauzaji wote: dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikijaa, kama ilivyo nusu Shaabani, ziwa zima linawaka, taa ya mvuvi haiwaiti tena, na vipe vingi, vyombo vya wavuvi wa dagaa, hulala ufukweni mpaka giza lirudi. Kwa hiyo dagaa "wa jana usiku", siku kama ile, ni wa wiki iliyopita, kama si zaidi.

"Sikatai dagaa wako," akamwambia, "nakataa jana yako."

Tukazunguka meza zote. Kila meza akatafuna, mpaka mama mmoja akamwambia atashiba kabla hajanunua. Mwisho akarudi kwa kijana yuleyule, akachukua sado nzima kwa bei ya dagaa wa wiki iliyopita, na kijana akamwongezea kiganja bila kuombwa. Hadi leo sijajua kama kile kiganja kilikuwa cha heshima au cha kutuondoa.

Hapa naona ile ndiyo yangu inalegea. Nilichofundishwa ni masikio na meno ya mtu mmoja, na kalenda ya ziwa moja. Serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, jirani alipika maharage kwa mawese bila neno. Mimi nilikuwa nauliza dagaa kila siku. Nani alikuwa anakijua chakula cha Kigoma hapo?

Mtaniambia watu wa pwani walifika Ujiji zamani, kabla wale wasafiri Waingereza, Burton na Speke, hawajatia mguu mwaka 1858, na leo wajukuu wao wanakula mawese kama kawaida. Kweli. Lakini wale walioa hapa, wakazaa hapa, wakazikwa hapa. Hawakujifunza kwa rafiki, walijifunza kwa mama mkwe.

Nilipokwenda likizo nilibeba mawese na dagaa, nikawapikia nyumbani Mombasa. Mama alikula, akasifu, akauliza kwa upole mbona tui halimo. Mara ya pili akalitia mwenyewe. Kilikuwa kitamu, sitasema uongo, ila sijui tukiite chakula cha wapi.

Kwa hiyo niandikeni upande wa hapana, kwa masharti. Nasema habari za dagaa tu, migebuka, wale samaki wengine wa ziwa hili, sijaigusa. Nasema habari za mgeni mwenye tarehe ya kuondoka. Na Jumamosi hii mwezi ukiandama nitakwenda Kibirizi peke yangu, jirani ana harusi. Nisipopunjwa, geuzeni jibu langu liwe ndiyo.

Msomaji, Ujiji