Nipime uzito mara ngapi? Jibu kwa mama wa dagaa, Kirumba

Swali

Habari za kazi, daktari. Nina miaka 43, nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Urefu wangu ni sentimita 160. Miezi miwili iliyopita nilipima presha, nikaambiwa iko juu kidogo na uzito wangu, kilo 92, umezidi, nipunguze. Nikaanza. Ugali nimeupunguza, soda nimeacha, na jioni natembea kwa miguu hadi nyumbani Kitangiri badala ya kupanda daladala. Wiki ya kwanza zilitoka kilo tatu, nikafurahi sana. Sasa mizani inanichanganya. Asubuhi nyumbani inasoma 87.6, mchana kwa kijana anayepima watu stendi inasoma 89.4, na Jumatatu iliyopita asubuhi, baada ya sendofu ya binti wa rafiki yangu, ikasoma 89.9. Zaidi ya kilo mbili zimerudi kwa usiku mmoja? Mdogo wangu anasema nipime mara moja kwa mwezi niache kujitesa. Nesi alisema kila wiki. Wewe unasemaje? Na je, ile mizani ya magunia pale sokoni naweza kuitumia?

Jibu

Nzuri, mama. Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, ila jina hilo nimeshalizoea.

Kwa kuwa najua unawahi soko, nianze na jibu lenyewe: pima kila siku asubuhi, mara moja tu, andika, kisha kila Jumapili jumlisha namba za siku saba ugawanye kwa saba. Wastani huo ndio uzito wako wa wiki. Namba ya siku moja isikununie wala isikuchekee.

Sasa kwa nini. Wewe hili unalijua kuliko mimi, ila hujawahi kulihamishia mwilini mwako. Dagaa wakitoka ziwani wakaanikwa, jioni unapima mzigo mwepesi kabisa. Hakuna aliyekuibia dagaa. Ni wale wale, kilichoondoka ni maji. Wakinyeshewa na mvua usiku, asubuhi uzito umepanda, na hakuna mnunuzi mwenye akili atakayekulipa kwa uzito huo. Unyaufu mnaujua, mnaupigia hesabu kabla ya kukubaliana bei. Basi mwili wako nao karibu nusu yake ni maji, na maji hayo yanaingia na kutoka mchana kutwa. Mizani haijui kutofautisha maji na mafuta. Inajumlisha vyote, pamoja na ugali wa jana ulioko bado tumboni.

Fanya jaribio dogo leo. Panda mizani, soma. Shuka, kunywa chupa ya maji ya nusu lita yote, panda tena. Umeongezeka nusu kilo kwa dakika moja, na hakuna hata chembe ya mafuta iliyoingia. Ndivyo ilivyo hiyo 89.4 ya stendi: chai ya asubuhi, maji, chakula cha mchana, nguo, viatu, kitenge ulichojifunga kiunoni na pochi ya mauzo. Halafu ni mizani nyingine kabisa. Ya stendi na ya nyumbani hazilinganishwi, hata kama zote ni nzima.

Turudi kwenye sendofu, maana naona ndiyo iliyokunyima usingizi. Kutoka 87.6 hadi 89.9 ni kilo 2.3. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba takriban kalori 7,700. Kilo 2.3 ni zaidi ya kalori 17,000. Kwa hesabu ya haraka ungehitaji kula sahani kumi na tano au zaidi za pilau na nyama, juu ya chakula chako cha kawaida, usiku ule ule. Hata kwenye sendofu zetu, ambazo sahani hujazwa mpaka inaonekana kama Bismarck Rock, lile jiwe letu la ziwani, hilo halijawahi kutokea. Ulichobeba ni chakula ambacho bado hakijatoka, chumvi ya pilau na nyama choma iliyozuia maji, na wanga uliorudi ghalani.

Hili la wanga nilieleze vizuri, kwa sababu ndilo linaloeleza pia zile kilo tatu za wiki ya kwanza. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, inaitwa glaikojeni. Kwa mtu mzima inafika karibu nusu kilo. Kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa na maji yake, gramu tatu hivi. Ukipunguza ugali na soda kwa ghafla, mwili unaila akiba hiyo na maji yake yanatoka kwenye mkojo. Kilo moja na nusu, wakati mwingine mbili, zinapotea ndani ya siku chache bila mafuta kuguswa sana. Ukila sahani moja kubwa ya wali au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), zinarudi. Kwa hiyo kilo tatu zako za mwanzo sehemu kubwa ilikuwa unyaufu, na hizo mbili za sendofu ni dagaa walionyeshewa. Siku mbili hadi nne za kula kama kawaida yako zinatosha kuziondoa. Usishinde njaa kuzifukuza.

Ndiyo maana pia siwashangilii wanaopanda Capri Point Jumapili asubuhi wamevaa jaketi za nailoni juani, wala wauza chai za kupunguza tumbo. Jaketi inatoa jasho, chai inatoa choo na maji. Mizani inashuka kweli, halafu mtu anakunywa maji, basi. Hizo chai nyingi kazi yake ni kuharisha tu, na anayezinywa kila siku anaweza kupoteza chumvi ambazo moyo unazihitaji.

Mdogo wako ana nia njema, lakini mara moja kwa mwezi siikubali. Mabadiliko halisi ya mafuta ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki kwa mtu anayefanya vizuri. Mabadiliko ya maji ni kilo moja hadi mbili kwa siku. Ukipima mara moja tu, maji yanaweza kukificha kile ulichokifanya mwezi mzima. Na wewe ni mwanamke ambaye, kwa umri wako, huenda bado unaona siku zako. Siku chache kabla ya hedhi wengi wetu tunashika maji, wengine kilo moja na zaidi. Siku yako ya kupima ikiangukia hapo, utaamini umefanya kazi bure. Tena kama kweli umeanza kuteleza, mwezi ni mrefu mno kabla ya kugundua.

Angalia mfano huu. Namba nimezitunga, lakini zinafanana sana na za madaftari ninayoletewa. Wiki ya kwanza, Jumatatu hadi Jumapili: 88.9, 88.1, 88.6, 87.8, 87.9, 87.5, 88.4. Wiki ya pili: 88.7, 88.0, 87.9, 87.4, 87.6, 87.2, 87.5. Mtu aliyepima Alhamisi ya kwanza na Jumatatu iliyofuata anaona 87.8 kisha 88.7, analia kwamba ameongezeka karibu kilo moja. Aliyepima Jumamosi ya kwanza na Jumapili ya pili anaona 87.5 na 87.5, anasema lishe haifanyi kazi. Tafuta wastani sasa: wiki ya kwanza 88.2, ya pili 87.8. Amepungua kama gramu 400. Hiyo ndiyo kweli, na ni mwendo mzuri. Umeona pia namba za Jumatatu zilivyo juu na za kuelekea Ijumaa zilivyo chini? Kwa watu wengi ndivyo ilivyo, kwa sababu ya wikiendi.

Nesi hakukosea. Mara moja kwa wiki inafaa, na ndiyo ninayompa mtu ambaye mizani inamharibia siku. Wapo. Mama mmoja alikuwa akiona gramu 300 zimepanda anaacha kunywa hata uji, mchana anazidiwa na njaa anamaliza chapati nne. Huyo nilimwambia mizani aiweke juu ya kabati, aishushe Alhamisi tu. Ukijiona unaelekea huko, fanya hivyo: siku moja katikati ya wiki, siyo Jumatatu, na usilinganishe wiki na wiki, linganisha wiki nne na wiki nne.

Kule Marekani tangu 1994 kuna daftari la watu waliopunguza kilo 13 na zaidi na kukaa hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Karibu robo tatu yao hupima angalau mara moja kwa wiki. Sisemi mizani ndiyo iliyowapunguza, huenda anayefanikiwa ndiye anayependa kupima. Lakini naona kitu hicho hicho hapa: anayejipima mara kwa mara hugundua kilo moja ikiwa bado ni moja.

Kuhusu namna ya kupima: ukiamka, nenda msalani kwanza, usile wala kunywa kitu, vaa nguo nyepesi ile ile au usivae kabisa, miguu peku. Weka mizani juu ya saruji au vigae, kamwe si juu ya zulia au mkeka. Na hapa nyumba zetu za mlimani zina shida yake, sakafu nyingi zina mwinamo. Niliwahi kufanya kazi kliniki moja ambako mizani ilisogezwa kutoka ukutani ikawekwa karibu na mlango, juu ya kigae kilichopasuka. Wiki hiyo kila mteja alikuwa ameongezeka kilo moja na nusu. Nilitoa mawaidha ya vyakula vya mafuta siku mbili nzima kabla fundi hajaniambia nitazame chini. Chagua sehemu iliyo sawa, weka alama kwa chaki, mizani isihame.

Ipime na mizani yenyewe. Panda, soma, kisha panda tena umekumbatia mfuko wa unga wa kilo 5. Isipoongezeka kilo 5 au karibu sana na hapo, hiyo ni pambo. Nyingi za kidijitali zina ujanja mwingine: zinakumbuka namba ya mwisho, ukipanda tena zinarudia ile ile ili zionekane makini. Mfuko wa unga utaiumbua.

Kuna jambo zuri ambalo kwenye barua yako umelipita bila kuliona. Kutoka kilo 92 hadi karibu 88 ni kilo nne kwa wiki nane, nusu kilo kwa wiki. Huo ndio mwendo tunaoutaka. Na asilimia 5 ya 92 ni kilo 4.6. Kupungua asilimia 5 tu mara nyingi kunatosha kuanza kuishusha presha na sukari, hata kama bado hujafika uzito unaoandikwa kwenye chati. Umebakiza kidogo sana. Rudi ulikopimwa wakupime tena, na kama ulipewa dawa usiziache kwa sababu mizani imeshuka.

Nunua pia tepi ya fundi cherehani. Mara moja kwa mwezi, hapo ndipo mwezi unafaa, izungushe tumboni usawa wa katikati ya mbavu za mwisho na nyonga, pumua kawaida. Lenga kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Kwako ni sentimita 80. Usiogope kama uko mbali na hapo, tunaangalia inaelekea wapi. Kwa mtu anayetembea kila jioni kama wewe, kuna wiki mizani inagoma huku gauni linalegea.

Wachache wasifuate haya niliyoyasema. Mjamzito hapunguzi uzito, anapimwa kliniki. Aliyewahi kujinyima chakula au kujitapisha akae mbali na mizani ya kila siku mpaka aongee na mtaalamu. Mgonjwa wa moyo anayejaa maji miguuni hupima kila siku kwa sababu nyingine kabisa, na akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu anawahi hospitali, hasemi ni ugali tu. Na anayepungua bila kujaribu, hasa akiwa na kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, au kiu na kukojoa kila saa, asishangilie. Aende akapimwe kifua kikuu na sukari.

Mizani ya magunia iache ifanye kazi yake. Imetengenezwa kwa mizigo mikubwa, na nyingi hazionyeshi vizuri kitu kidogo kuliko nusu kilo. Kwa gunia hilo si neno. Kwako wewe nusu kilo ni kazi ya wiki nzima. Na pale Mwaloni utapanda mchana, umevaa, umekula, na wenzako wanasoma namba kabla yako.

Niandikie baada ya wiki nne. Usiniletee namba ishirini na nane, niletee wastani nne na kipimo cha kiuno.