Kwa nini michezo ya sekondari haionekani magazetini

Ndugu, umeuliza kwa nini matokeo ya UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, hapa Arusha ni nadra kuyakuta gazetini. Nionavyo mimi, tatizo si uhaba wa kurasa, kwani kurasa za michezo zipo kila siku, ila nyingi hujazwa na Simba na Yanga. Na mwandishi wa mkoani anayelipwa kwa habari iliyochapishwa hawezi kutumia nauli yake mwenyewe kwenda Karatu au Longido kutazama mbio za wasichana ambazo anajua mhariri aliyeko Dar es Salaam ataziweka kando.

Linaloniuma zaidi ni namna habari hizo zinavyoandikwa pale zinapopata nafasi. Utasoma hotuba ya mgeni rasmi na idadi ya jezi zilizotolewa, kisha mshindi anatajwa kwa sentensi moja, pengine bila jina la shule yake. Katika riadha, muda ndio habari yenyewe: Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, anakumbukwa kwa dakika 3 na sekunde 32.2 alizotumia kukimbia mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Mwanafunzi wa leo ambaye muda wake haukuandikwa popote, kocha aliye mbali atamtambuaje?

Netiboli na wavu hali ni mbaya zaidi.

Kwa sasa ningewaomba walimu wa michezo wawatumie waandishi matokeo kamili jioni ileile, yakiwa na majina, shule na muda.