Mabuyu, Foleni na Gego Langu la Kushoto

Mama yangu yuko Mombasa na mpaka leo hajakubali kwamba Nairobi kuna vitu vya kula. Kila mtu wa nyumbani anayepanda huku hupewa mfuko wangu: kashata za nazi, halua, na mabuyu mekundu yenye pilipili. Mabuyu yalikuwa ya foleni. Kutoka South B hadi Westlands asubuhi, matatu haisogei, nami nafyonza moja baada ya jingine mpaka inabaki mbegu tupu. Ofisini nilikuwa na chupa ya chai ya tangawizi iliyokolea sukari, nainywa funda kwa funda hadi saa kumi jioni.

Usiku mmoja gego la chini likaniamsha, maumivu yanapanda mpaka sikioni. Jino lilikuwa limeoza hadi ndani, ikabidi lisafishwe mizizi. Nilirudi kwa daktari mara tatu, na gharama yake sitaki kuikumbuka.

Daktari hakuniuliza nakula sukari kiasi gani. Aliuliza, "Dada, ni mara ngapi kwa siku?" Nikaanza kuhesabu, nikanyamaza.

Bakteria wa mdomoni wakipata sukari hutoa asidi, na asidi hiyo hula madini ya gamba la jino. Mate huipoza, lakini huchukua nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo kila buyu na kila funda la chai lilikuwa linaianzisha upya ile nusu saa. Tena ubuyu wenyewe ni mchachu, una asidi yake. Bonge la halua ukilimaliza mara moja baada ya chakula lina nafuu kuliko mabuyu kumi ya kufyonzwa njia nzima. Habari hiyo ilinifurahisha kupita kiasi.

Basi sasa vitamu navila baada ya chakula cha mchana, kisha nasukutua kwa maji. Sikimbilii mswaki papo hapo, kwa sababu gamba lililolainishwa na asidi husuguika. Nangoja nusu saa. Chupa ya ofisini ina strungi bila sukari. Wiki mbili za kwanza zilikuwa mateso matupu.

Usiku napiga mswaki mwisho kabisa, kwa dawa yenye floraidi (Colgate, kama tunavyoziita zote), natema, na sisukutui, ili floraidi ibaki kwenye meno. Hilo lilinishinda kidogo, maana tumelelewa kusukutua mara tatu. Wapo wanaoiogopa floraidi wakikumbuka meno ya kahawia ya watu waliokulia Nakuru. Yale husababishwa na kunywa maji yenye floraidi nyingi utotoni, meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi. Mtu mzima anayetema dawa yake hayamhusu.

Mfuko wa mama ulifika Alhamisi. Mabuyu niliyangojesha hadi Ijumaa baada ya pilau, nikayamaliza yote kwa dakika kumi.