Kompresheni 56/80 kwenye injini ya ndege O-320: silinda moja au zote nne?

Kaka, kwa silinda namba 3 kusoma 56/80 kwenye Cessna 172 yako, yaani imeshikilia paundi 56 tu kati ya 80 za hewa iliyosukumwa ndani, usikimbilie kununua zote nne. Pima tena injini ikiwa bado ya moto, usikilize hewa inatokea wapi. Ikivuma kwenye bomba la eksozi, tatizo ni vali. Ikitoka pale pa kujazia oili, ni ringi za pistoni. Halafu pitisha kamera kwenye tundu la plagi. Uso wa vali ya eksozi ukiwa na rangi isiyolingana, ukingo wa upande mmoja umebabuka, vali hiyo inaungua na ndege isiruke.

Ikibidi kubadilisha, badilisha hiyo moja, na kama mfuko unaruhusu chukua mpya. Iliyokarabatiwa huja na kichwa cha alumini chenye uchovu wa saa zote kilizoruka nyuma, tena mara nyingi bila rekodi. Hakikisha ringi zinaendana na ukuta wa silinda: ukuta wa kromu hauvai ringi za kromu kamwe. Rangi ya chungwa kwenye silinda ni alama ya kromu, buluu ni naitraidi (ukuta wa chuma uliogumishwa kwa naitrojeni), ila amini hati kuliko rangi.

Kinachonitia hofu zaidi ni ufungaji. Boliti ndefu zinazopita kwenye krankikesi (ganda la injini) zikishalegezwa, mtu yeyote asizungushe propela, maana bearing za krankishafti (mhimili mkuu wa injini) zinaweza kuhama. Nakuomba sana, simama hapo mwenyewe fundi akikaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza.